Mkuki Uliopimwa kwa Kilo

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama kwenye mkutano wetu mkuu wa mwaka, Dar es Salaam)



Mmenizoea nikisimama hapa na makaratasi ya hesabu. Mtu akiniona nanyanyuka anaanza kutafuta stakabadhi yake mfukoni. Leo msiwe na wasiwasi, hesabu zitasomwa na mweka hazina. Mimi nimeombwa niseme machache juu ya safari niliyofanya na familia yangu likizo ya Desemba, kisha nitoe ombi moja. Ombi lenyewe ni dogo, lakini limeninyima usingizi.

Safari ilianza na kazi ya shule. Binti yangu ana miaka 13, amezaliwa hapa hapa Dar es Salaam. Mwalimu aliwaambia kila mtoto apeleke kitu kimoja cha asili cha kwao na aeleze kinatumikaje. Akanijia jioni: "Baba, sisi tuna nini?" Nikaangalia nyumba nzima. Kulikuwa na televisheni, friji, na kalenda ya benki. Mtoto alikwenda shule na kikapu tulichonunua Mwenge kwenye maduka ya vinyago, na kilikotengenezwa hatukujua. Alipata alama zake, lakini mimi niliona aibu.

Basi Desemba tukapanda gari, mimi, mke wangu, binti yangu na mdogo wake wa kiume mwenye miaka tisa. Tulipofika kijijini tulimchukua mama yangu. Ana miaka 76, na siku hizi kumbukumbu yake inakuja na kuondoka. Anaweza kukuuliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa. Mke wangu alihofia kwamba atachoka. Mama mwenyewe alikuwa ameshavaa viatu.

Siku ya kwanza tulikwenda Isimila, kilometa kama 20 kutoka Iringa mjini kwa barabara ya Mbeya. Wengi wetu tumepita pale mara mia bila kukata kona. Kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na kuna mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na watu wa kale zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Imepatikana pia mifupa ya aina ya kiboko ambaye hayupo tena duniani. Mawe hayo yalianza kufahamika kwa wataalamu mwaka 1951, na uchimbaji mkubwa ukafanyika mwishoni mwa miaka hiyo ya hamsini. Mwanangu alisimama mbele ya shoka moja la jiwe akauliza, "Aliyetengeneza alikuwa anaitwa nani?" Hakuna wa kumjibu. Jiwe limebaki, jina halikubaki.

Siku ya pili tukaingia Iringa Boma, lile jengo la Wajerumani pale mjini ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa. Hapo ndipo mama yangu alipobadilika. Barabarani alikuwa ameuliza mara mbili tunakwenda wapi. Ndani hakuuliza kitu. Alitembea kutoka chombo hadi chombo kama mtu aliyeingia jikoni kwake. Alipofika kwenye vikapu vya milulu akasimama muda mrefu. Akawaeleza wajukuu jinsi milulu inavyokatwa na kukaushwa, na kwa nini msukaji hutakiwa kubana kila mzunguko asije akajuta mbele ya safari. Kisha akainama, akatazama ukingo wa kikapu kimoja, akasema: "Huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Kama mama yangu."

Ndugu zangu, mimi nina miaka zaidi ya arobaini. Siku ile ndiyo nilijua kuwa bibi yangu alikuwa anatumia shoto.

Binti yangu alitoa daftari akaanza kuandika. Sikumwagiza.

Tukafika kwenye mikuki. Mwanangu akamuuliza bibi yake, "Na babu alikuwa nao?" Mama akakaa kimya. Halafu akasema taratibu, bila kuniangalia: "Ulikuwepo wa babu yake baba yako. Ulipimwa kwenye mizani."

Hapo sina budi kueleza. Baba yangu alipofariki, mimi ndiye niliyesimamia mali. Nilifanya kama nilivyosomea. Niliorodhesha shamba, ng'ombe, bati, mashine ya kusaga na madeni. Kila kitu chenye bei kiliingia kwenye daftari. Visivyo na bei tuliviita takataka, vingine tukachoma, na vyuma tukamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mkuki ule uliingia kwenye mizani pamoja na majembe yaliyokatika na sufuria zilizotoboka. Nilipokea fedha na nikatia saini mimi mwenyewe. Mama alikuwa ndani ya nyumba. Hatukumuuliza.

Nimekagua hesabu za watu wengi, nikawaandikia hoja kwa kupoteza mali ya ofisi. Hoja yangu mwenyewe iliandikwa na mama yangu, kwa sentensi moja, mbele ya watoto.

Siku ya tatu tukaenda Kalenga. Historia ya pale mnaijua kuliko mimi, lakini naomba niipitie haraka, maana inahusu ombi langu. Tarehe 17 Agosti 1891 watu wa Mtwa Mkwawa waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wakarudi, ngome ya Kalenga ikaanguka, Mkwawa akaingia porini. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayempata. Mwezi Julai 1898 alijiua ili asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Ujerumani.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, uliwapa Wajerumani miezi sita walirudishe fuvu lake. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likakabidhiwa na Gavana Twining kwa mjukuu wake, Mtwa Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye akawa Spika wa Bunge letu. Deni la miezi sita lililipwa baada ya miaka 35.

Jambo lililonigusa kama mtu wa hesabu ni namna lilivyotafutwa. Makumbusho ya Bremen yalikuwa na mafuvu kama 2,000, na kati ya hayo 84 yalihesabiwa kuwa yametoka Afrika Mashariki. Hapakuwa na lililoandikwa jina la Mkwawa. Ilibidi wapime ukubwa wa mafuvu na kulinganisha na vichwa vya ndugu zake waliokuwa hai, ndipo wakachagua. Hadi leo wapo wanaouliza kama ndilo lenyewe. Mtu ambaye serikali nzima ilimwogopa alifika mahali akawa namba kwenye rafu, kwa sababu aliyemweka pale hakuandika jina.

Sasa kama hilo lilimpata Mtwa, itakuwaje kikapu cha bibi yako?

Nimerudi na somo moja. Jiwe linajitunza lenyewe hata miaka laki mbili. Milulu haijitunzi, mti haujitunzi, na maneno ya mzee hayajitunzi hata kidogo. Na hata kitu kikitunzwa, kama hakuna aliyeandika ni cha nani, kimetengenezwa na nani na kilitumikaje, kinakuwa bubu. Mama yangu anasoma kikapu kama mimi ninavyosoma leja. Akiondoka, hakuna nakala.

Ndugu Mwenyekiti, najua mtu atasema: kijijini kina mama bado wanabeba maji kichwani, wewe unatuletea habari za mikuki. Ni haki kusema hivyo, na mimi mwenyewe ningesema. Kisima kwanza, zahanati kwanza. Sigusi hata shilingi ya mafungu hayo. Ninachoomba ni mstari mmoja mdogo chini ya bajeti yetu: kabati la chuma lenye kufuli, daftari kubwa la kumbukumbu, na kifaa cha kurekodi sauti. Viwekwe kwenye chumba cha maktaba ya sekondari yetu ya kata, wanafunzi wenyewe wawe waandishi.

Utaratibu wake uwe kama wa mali nyingine yoyote. Kitu kikiingia kipewe namba. Liandikwe jina lake kwa Kihehe na kwa Kiswahili, jina la aliyekitengeneza kama linajulikana, ukoo kilikotoka, na maelezo ya mzee aliyekifahamu. Kiendelee kuwa mali ya ukoo, na wakikihitaji kwa shughuli wakichukue kwa kusaini. Asiye na kitu alete sauti: dakika thelathini za mzee akieleza ulanzi unavyogemwa, au mtoto alivyopewa jina. Na kila mwaka kabati likaguliwe, taarifa isomwe hapa mbele yenu. Kazi hiyo ya ukaguzi naitoa bure. Kabati nitanunua mimi. Kwangu si mchango, ni kulipa deni la ule mkuki.

Yaliyobaki nawaachia ninyi. Fomu ya ahadi iko mwishoni mwa kijitabu hiki, na mstari huo umewekwa baada ya kisima na zahanati. Lakini hata usipojaza kitu kwenye mstari ule, ukienda nyumbani Pasaka au Desemba, kabla hujamwita mnunuzi wa vyuma chakavu, kaa na mama yako umuulize kila kitu kinaitwaje.

Namalizia. Tuliporudi kijijini kutoka Kalenga, mama aliingia kwenye kihenge cha mahindi akatoka na kikapu kikuukuu cha milulu, kimefungwa ndani ya kipande cha kanga. Ni cha mama yake. Siku ile tunasafisha nyumba ya baba alikwenda kukificha huko, akakiacha miaka yote hiyo. Nikamuuliza alikuwa anamficha nani. Akasema, "Wewe."

Binti yangu amekiandika kwenye daftari lake. Namba 1: kikapu cha milulu, kimesukwa kwa mkono wa kushoto. Jina la msukaji lipo.