Kifo Kisicho na Kaburi

Kwa nini watu wengi walikataa kusadiki kwamba Patrice Lumumba amekufa? Msiwacheke. Kwetu mtu akifa tunamwosha, tunamlilia usiku kucha, tunamtupia udongo. Mikono ndiyo inayoufundisha moyo kwamba amekwenda.

Lumumba aliuawa katika Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito. Habari ilitangazwa tarehe 13 Februari, nayo ilikuwa ya uwongo: eti walitoroka, wanakijiji wakawaua. Miili yao ilikuwa imekwisha kuharibiwa kwa asidi, pasibaki kaburi. Basi aliyedanganywa juu ya namna ya kufa, angesadikije kifo chenyewe?

Mtaniuliza: Je, Waisraeli hawakumlilia Musa siku 30 bila kujua kaburi lake? Ndiyo. Lakini Musa alizikwa na Mungu, hakufichwa na wauaji.

Likabaki jino moja. Ubelgiji iliwarudishia jamaa zake jino hilo mwezi wa Juni 2022. Likatiwa katika sanduku la maiti, likapelekwa Onalua alikozaliwa, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Matanga yalikuwa yamengoja miaka 61.