Ramani ni ya wote, siri ya mgonjwa si ya wote

Wanajamvi, haya ndiyo niliyoyasema kwenye kikao chetu hapa Hallunda.



Kikao kilichopita tulikubaliana kuweka juu ya ramani ya OpenStreetMap zahanati za kwetu, na mahali ambapo kina mama walijifungulia njiani. Kaka mmoja akasema ramani ile ni ya bure kwa sharti kwamba ukichukua, nawe utoe; basi itabidi tutangaze kila kitu. Mimi ni nesi. Usiku ule sikulala.

Nimeisoma leseni yenyewe. Tangu Septemba 2012 ni ile iitwayo ODbL, iliyochukua nafasi ya leseni ya Creative Commons. Kwanza, ukichapisha picha ya ramani kama ilivyo, taja ilikotoka, basi. Pili, ukiongeza njia kwenye data yao, au ukijazia orodha yako ya zahanati kwa kuchota zao, kisha ukaitangaza, nawe utoe kwa masharti yaleyale. Tatu, data yako inayojitegemea, iliyolazwa juu kama kitambaa mezani, inabaki yako.

Kibera ni mfano. Mwaka 2009 vijana wa pale waliichora Kibera kwenye OpenStreetMap, ambako palikuwa karibu patupu. Halafu Voice of Kibera ikaweka habari za wakazi juu ya ramani hiyo kwa kutumia Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya mwaka 2008 katika vurugu za baada ya uchaguzi. Ramani ni tabaka moja, habari ni tabaka jingine.

Kwa hiyo kaka yangu kapatia nusu. Njia tutakazochora tuzitoe kwa moyo mweupe, na atakayeziboresha na kuzitangaza asizifungie kabatini. Lakini habari za wale kina mama hakuna anayetudai.

Ila tusijidanganye: leseni haitulazimishi kutoa siri, wala haituzuii kuivujisha. Kijijini nukta moja inatosha watu kujua ni mke wa nani, hata usipoandika jina. Napendekeza nukta zisitangazwe kabisa. Tutoe hesabu ya kata nzima, na kata yenye mama mmoja tu tuiunganishe na jirani yake.

Naomba kuwasilisha.