Martin Kayamba, Karani wa Enzi ya Mkoloni



Ni rahisi kumbeza karani wa enzi ya mkoloni kuwa alikuwa kibaraka tu. Martin Kayamba, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, haingii katika hukumu nyepesi namna hiyo. Wakati wa vita vya 1914 Wajerumani walimtia kizuizini. Waingereza walipoishika Tanga, akawa karani wao. Hapo Tanga, mwaka 1922, aliwakusanya wenzake, Waislamu kwa Wakristo, wakaunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Hakikudai uhuru. Lakini makarani na walimu wa kizazi hicho ndio walioanzisha African Association mwaka 1929, na humo ndimo ilimochipuka TANU mwaka 1954.

Mwaka 1931 Kayamba, Chifu Makwaia na Francis Lwamgira walikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mpango huo, uliotamaniwa na walowezi, wakaupinga, kwa adabu zote za kiofisi. Kisha Kayamba akarudi mezani kwake, na mwaka 1932 akapandishwa cheo hadi makao makuu ya serikali, Dar es Salaam.