Nani Alilipa, Nani Alipanga
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei: bajeti ya serikali ya kikoloni katika Tanganyika



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa sura ya kwanza laonekana kuwa kavu, nalo ni jinsi serikali ya kikoloni ilivyokuwa ikipanga, mwaka hata mwaka, fedha za barabara, madaraja, hospitali, shule na visima. Wengi wetu tuliomo humu hatukuuona ukoloni kwa macho yetu. Tuliyo nayo ni masimulizi ya wazee, na wazee wetu wakisimulia husimulia kodi ya kichwa; bajeti huitaja mara chache sana. Wanakumbuka jinsi walivyotoa. Jinsi fedha ile ilivyogawanywa hawakuiona, kwa kuwa iligawanywa katika chumba ambacho wao hawakuingia. Basi leo tuuingie mlango huo, ijapokuwa tumechelewa.

Tuanze na mapato, maana hapana mpango wa matumizi usio na chanzo. Wadachi walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutekelezwa mwaka 1898, na kibanda cha mwenyeji kikatozwa rupia 3. Makusudi yalikuwa mawili, na watawala wenyewe hawakuyaficha: kupata fedha, na kumlazimisha mwenyeji aingie katika kazi ya ujira au kilimo cha mazao ya kuuza, kwa sababu rupia haikuota shambani pamoja na mtama. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilipoanza kule kusini, kodi ilikuwa miongoni mwa malalamiko, ingawa uchungu mkubwa zaidi huenda ulitokana na mashamba ya pamba ya lazima chini ya maakida.

Waingereza walipokabidhiwa nchi hii chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, waliendeleza mtindo uleule. Sheria ya Kodi ya Nyumba na ya Kichwa ya mwaka 1922 ilimfikia karibu kila mwanamume Mwafrika mwenye nguvu, awe na kipato au asiwe nacho. Kiwango kilitofautiana wilaya kwa wilaya, mara nyingi kati ya shilingi 6 na 12, na kwa mtu aliyeuza nguvu zake katika shamba la mkonge hiyo ilikuwa jasho la majuma kadhaa. Juu ya hiyo kulikuwa na ushuru wa forodha, ambao hakuna aliyeuita kodi, lakini kila mama aliyenunua kaniki au jembe aliulipa dukani. Kodi ya mapato, yaani ile inayomtoza zaidi mwenye zaidi, haikuwekwa Tanganyika hadi mwaka 1940. Pendekezo lake lilipozungumzwa wakati wa dhiki ya miaka ya 1930, walowezi na wafanyabiashara walilipinga, na serikali ikatosheka na kodi ya kichwa kwa wasio wenyeji. Tutazame vizuri hapo: walio wengi walitozwa bila kuulizwa, na walio wachache waliulizwa, wakakataa, wakasikilizwa.

Sasa tuje kwenye upangaji wenyewe. Kila mwaka Bwana Shauri pale bomani aliandika mahitaji ya wilaya yake: daraja lililosombwa na mvua, zahanati isiyo na paa, jela, nyumba ya karani. Maombi hayo yalipanda kwa mkuu wa jimbo, na upande mwingine wakuu wa idara (afya, elimu, kilimo, kazi za ujenzi) walileta ya kwao. Yote yalikusanywa Dar es Salaam, katika ofisi ya Katibu Mkuu wa Serikali na Hazina, yakapunguzwa, yakapunguzwa tena, kisha yakachapwa katika kitabu cha makadirio ya mapato na matumizi. Gavana aliyapeleka katika Baraza la Kutunga Sheria, na hatimaye yalihitaji ridhaa ya Waziri wa Makoloni huko London. Daraja la kijiji chetu lilivuka bahari kabla halijavuka mto.

Kanuni kuu iliyotawala safari hiyo ilikuwa moja: koloni lijilipie lenyewe. Uingereza haikutaka mlipa kodi wake abebe gharama za makoloni, na koloni lililoshindwa kusimama kwa miguu yake likaomba ruzuku lilijikuta chini ya jicho kali la Hazina ya London. Kwa hiyo kila gavana aliogopa nakisi kuliko alivyoogopa njaa ya wilaya moja au mbili. Tunasema hivyo bila kumtukana mtu. Ndivyo mfumo ulivyomwelekeza.

Ndugu zangu, ukikifungua kitabu cha makadirio cha serikali ya namna ile utaona vifungu vimepangwa kana kwamba vyote ni sawa, kimoja kikifuata kingine. Havikuwa sawa. Viko vifungu ambavyo havikuguswa. Riba na marejesho ya mikopo vililipwa kwanza. Na mikopo ilikuwa mingi, hasa ya reli. Mwaka 1926 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kudhamini mikopo ya hadi pauni milioni 10 kwa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya fedha za namna hiyo ilinunua vyuma na injini kutoka Uingereza kwenyewe. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ilisaidia pamba ya Wasukuma ishuke pwani, hilo hatulikani. Lakini pamba ikishuka bei, deni halikushuka pamoja nayo. Baada ya madeni zilikuja pensheni, kisha mishahara ya maofisa wa Kizungu, ambao mikataba yao ilikuwa na nyumba, likizo na nauli ya meli, kisha polisi na jeshi. Kilichobaki ndicho kilichoitwa huduma.

Na hata ndani ya hicho kilichobaki kulikuwa na mgawanyo. Kazi za ujenzi ziligawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kazi za kila mwaka, yaani matengenezo: kupaka chokaa bomani, kuziba mashimo ya barabara, kukarabati nyumba za maofisa. Fungu la pili lilikuwa la kazi za pekee, yaani vitu vipya: hospitali mpya, daraja jipya, bwawa, shule. Mambo yalipokuwa mazuri fungu la pili lilipanuka. Mambo yalipoharibika lilikuwa la kwanza kukatwa, kwa sababu rahisi kabisa: jengo ambalo halijajengwa haliwezi kwenda mahakamani kudai mshahara wake. Bei ya mkonge ilipoanguka baada ya mwaka 1929, Sir Sydney Armitage-Smith alitumwa kuja kuchunguza fedha za Tanganyika, na taarifa yake ya mwaka 1932 ilihimiza kubana matumizi. Kazi mpya zikasimama, elimu ikabanwa. Kodi ya kichwa iliendelea kudaiwa.

Hapa hatuna budi kutaja jambo ambalo halikuandikwa kama gharama katika kitabu chochote cha makadirio. Sheria iliruhusu mtu asiyeweza kulipa kodi aitumikie kwa kazi. Katika miaka ile ya dhiki, shilingi zilipoadimika vijijini, watu wengi walipelekwa barabarani badala ya kulipa, wakakata magogo, wakachimba mitaro, wakajaza changarawe. Mnamo 1930 Shirika la Kazi la Kimataifa lilikuwa limepitisha mkataba dhidi ya kazi za shuruti, na Uingereza ikauridhia mwaka uliofuata, lakini kazi badala ya kodi haikukoma mara moja. Basi fikirini: mhasibu Dar es Salaam akiandika kwamba barabara fulani imegharimu fedha kidogo, anasema kweli kwa hesabu zake. Siku za mtu aliyeacha shamba lake wakati wa kupalilia hazina safu katika daftari lake. Wazee wanaotuambia kwamba barabara hii waliilima kwa mikono yao wanatoa hesabu iliyo kamili zaidi kuliko ile iliyochapwa.

Nani alikuwa katika baraza lililopitisha makadirio hayo? Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianzishwa mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron. Lilikuwa na maofisa 13 wa serikali, na wajumbe wasio maofisa wasiozidi 10, ambao walikuwa Wazungu na Waasia. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba hajapatikana mwenyeji ajuaye Kiingereza cha kutosha kushiriki mijadala; gavana na maofisa wake ndio walioonwa kuwa wasemaji wa Waafrika. Kwa miaka kumi na tisa makadirio yalisomwa, yakajadiliwa na kupitishwa kwa namna hiyo, hadi mwaka 1945 walipoteuliwa Mtemi Kidaha Makwaia wa Usukumani na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Waliteuliwa; hawakuchaguliwa na wale waliolipa.

Tutajibiwa kwamba Waafrika walikuwa na hazina zao za wenyeji, chini ya watemi na mangi, tangu sheria ya mwaka 1926. Ni kweli, na ziko zahanati, visima na shule zilizotoka huko. Sehemu ya kodi ilirudishwa kwa hazina hizo. Lakini sehemu kubwa ya fedha zake ililipa mishahara ya watemi wenyewe, makarani na matarishi, na makadirio yake nayo yalipaswa kukubaliwa na Bwana Shauri. Mtemi aliyelipwa na serikali ili akusanye kodi ya serikali alikuwa na ulimi mzito wa kuisemea watu wake. Tusiwalaumu wote, wako waliojitahidi.

Na sisi Kanisa? Tungekuwa waongo tukizungumza juu ya chumba kile kana kwamba hatukuwa na kiti karibu na mlango. Mwaka 1925 serikali iliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam pamoja na wamisionari, na kutokana na sheria ya elimu ya mwaka 1927 shule za misioni zilizosajiliwa, zenye walimu wenye vyeti, zikaanza kupewa ruzuku. Mwaka 1928 Mjumbe wa Baba Mtakatifu, Askofu Arthur Hinsley, alifika hapa akawahimiza wamisionari wetu kwa nguvu washirikiane na serikali katika shule. Matunda tunayajua: hospitali na seminari, waalimu na waganga, na wengi wetu tuliomo humu tumesomeshwa na waliosomeshwa na ruzuku hiyo. Lakini kodi iliyotoa ruzuku hiyo ililipwa na Mwislamu wa Kilwa sawasawa na Mkristo wa Kilema, na madrasa haikupata kitu. Shule ndogo za vijijini, zile za katekista chini ya mwembe, nazo hazikupata kitu. Elimu yenyewe iligawanywa katika mafungu matatu, la Wazungu, la Waasia na la Waafrika, na mtoto wa Kizungu alitengewa fedha nyingi mno kumshinda mtoto wa Kiafrika. Viongozi wetu wa wakati ule walijadiliana na serikali juu ya ukubwa wa ruzuku. Juu ya uwiano wa mafungu hayo matatu walisema machache. Tunalitamka hili kwa unyenyekevu, na tunadhani linapaswa kutamkwa na sisi wenyewe kabla halijatamkwa na wengine.

Baadaye upepo ulibadilika kidogo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1929 ya kuendeleza makoloni ilikuwa imetenga hadi pauni milioni moja kwa mwaka kwa makoloni yote, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuwapatia kazi Waingereza waliokosa ajira kwa kuagiza bidhaa za viwanda vyao. Sheria ya mwaka 1940, na hasa ya mwaka 1945 iliyotenga pauni milioni 120 kwa miaka kumi, ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba shule na maji vinastahili msaada hata kama havileti faida ya biashara. Tanganyika ikatunga mpango wa miaka kumi ulioanza mwaka 1947.

Mwaka huohuo ulianza mpango mwingine, ule wa karanga, ambao haukutoka katika bajeti ya Tanganyika bali kwa mlipa kodi wa Uingereza, ambaye naye alikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Kongwa, Urambo na Nachingwea vilitarajiwa kuwa sehemu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Mvua za Kongwa hazikuulizwa, wala Wagogo wanaozijua. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya pauni kama milioni 36 kupotea, fedha zinazozidi mara kadhaa makusanyo ya mwaka mzima ya serikali ya Tanganyika. Kwa ajili ya karanga hizo ilijengwa reli kutoka pwani ya kusini hadi Nachingwea. Karanga za kuijaza hazikupatikana.

Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, Waziri wa Fedha alikuwa bado Sir Ernest Vasey, aliyewahi kushika fedha za Kenya chini ya wakoloni. Mwaka 1962 kiti hicho kilikaliwa na Paul Bomani, mtu wa vyama vya ushirika vya pamba huko Mwanza, aliyejua shilingi ya mkulima inatoka wapi. Mwaka huohuo reli ya kusini ilifungwa, kwa kuwa haikuweza kujilipia, na vyuma vyake vikang'olewa.