Kuwafunza Watoto Wadogo Habari za Nguvu Zirejeazo



Katika mji wa Kampala mtoto wa miaka mitano huijua nishati kabla hajalijua jina lake. Huijua katika joto la jiko la makaa, ambalo watu wa mji huliita sigiri, na juu yake sufuria ya matoke imetelekwa tangu asubuhi. Huijua katika taa izimikayo ghafula wakati wa chakula cha usiku, na katika bati linalounguza mkono saa nane mchana. Wataalamu wana jina zito, nishati jadidifu, nalo lafaa sana vitabuni. Walakini mwalimu wa chekechea atakayeanza kwa kuwaimbisha watoto jina hilo atakuwa amewapa ganda bila ya kiini.

Neno la kuanzia ni kurejea. Jua huzama, likarejea. Mvua hunyesha, maji yakashuka ziwani, kisha yakapanda tena mawinguni. Mti hukatwa, nao hurejea ukipandwa na kungojewa. Mafuta ya taa yakiisha ndani ya kibatari, hayarejei, kwani asili yake ni vitu vilivyozikwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Mtoto akiifahamu tofauti ya vitu hivi vinne, amekwisha ingia mlangoni, hata kama bado hajui kuandika jina lake.

Watoto wa madrasa wana bahati katika somo la jua, maana vyuoni habari za kivuli ni za kale. Wanajua kwamba adhuhuri huingia jua likipinduka, na kwamba alasiri hupimwa kwa urefu wa kivuli. Basi mwalimu na asimike kijiti uwanjani, na kila saa mtoto mmoja achore mstari pale kinapokoma kivuli. Kampala iko karibu mno na mstari wa Ikweta, hata mchana na usiku huwa karibu sawa mwaka mzima, na jua hufika kilele karibu na saa saba. Baada ya somo la kivuli lije somo la joto: chupa mbili za maji, moja imepakwa masizi, zote zianikwe tangu asubuhi. Watoto wakizishika adhuhuri hawatahitaji kuelezwa mengi. Hapo ndipo wanapoweza kuambiwa kwamba huko Soroti, tangu Desemba 2016, liko shamba la vioo vyeusi liwezalo kutoa megawati 10 za umeme kutokana na jua lile lile.

Vifaa vya namna hii havina gharama, na njia yenyewe si ngeni kwa jamii za Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Mpango wa shule za awali za madrasa, ulioanzishwa Mombasa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na ambao Bi Swafiya Said alikuwa mwalimu wake wa mwanzo, ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Mpango huo ulionyesha kwamba dini na mafunzo ya kisasa ya watoto huweza kukaa chumba kimoja, na kwamba vifuu, mbegu, vizibo na maboksi ni vifaa halali vya elimu mwalimu akijua kuvitumia.

Kwa somo la maji, kipande cha muhogo kikichomekwa vijiti bapa pembeni na kupitishwa ufito katikati, huwa gurudumu. Maji yakimiminwa kutoka juu, huzunguka. Yakimiminwa kutoka juu zaidi, huzunguka kwa kasi. Hiyo ndiyo habari ya Jinja, mwendo wa kilometa 80 hivi kutoka Kampala, ambako Malkia Elizabeth wa Pili alifungua mitambo ya Owen Falls tarehe 29 Aprili 1954. Leo huitwa Nalubaale, ambalo ndilo jina la ziwa lenyewe kwa Kiganda. Baadaye, juu ya mto huo huo wa Nile, ikafuata mitambo ya Bujagali ya megawati 250 mwaka 2012, na ya Karuma ya megawati 600, iliyozinduliwa mwaka 2024. Watoto wasifichwe kwamba maporomoko ya Ripon na ya Bujagali yalifunikwa na maji ya mabwawa, na kwamba Bujagali palikuwa mahali pa heshima kuu kwa Wasoga. Hata nguvu irejeayo ina bei yake.

Mtoto mwerevu hakosi kuuliza: ikiwa maji ni mengi hivyo, kwa nini taa huzimika? Ajibiwe kwa kweli. Kuzalisha umeme ni kazi moja, na kuufikisha nyumbani ni kazi nyingine, yenye nguzo na nyaya ziwezazo kukatika. Na zipo nyumba ambazo waya haujafika kabisa. Mwalimu anayewaambia watoto wachore taa ya nyumbani kwao na akumbuke kwamba baadhi yao watachora kibatari.

Jambo lililo gumu kuliko yote ni kuni na makaa. Nyumba nyingi mno za Uganda hupikia vitu hivyo. Je, ni nguvu irejeayo? Ni irejeayo kwa sharti: mti hukatwa kwa dakika chache, nao hutaka miaka kukua, na gunia moja la makaa katika tanuri la kienyeji hula kuni zenye uzito wa mara tano au zaidi. Hofu ya kumalizika miti ndiyo iliyofanya biashara ya makaa ipigwe marufuku na Rais Museveni katika sehemu za kaskazini mwa Uganda mnamo Mei 2023. Moshi nao una hesabu yake: Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano.

Hayo ni ya watu wazima kuyajua. Lakini mtoto akirudi nyumbani na kumwambia mama yake, “Mwalimu amesema jiko lako ni baya,” somo limeharibika, tena limevunja adabu. Mama huyo hakuchagua makaa kwa kuyapenda. Aliyachagua kwa sababu hununuliwa kidogo kidogo kwa fedha ya siku ile. Ni afadhali mtoto arudi na jambo la kumsaidia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huiva upesi kuliko makavu. Jambo hili laweza kujaribiwa shuleni kwa konzi mbili za maharagwe na sufuria mbili, watoto wakikaa mbali na moto. Sufuria iliyofunikwa huchemka mapema. Maganda ya matoke, ambayo Kampala haiyakosi, hukaushwa na kufanywa vitonge vya makaa, na wapo wanaoviuza mjini.

Upepo unataka maneno machache tu. Pangaboi la karatasi hupendwa na kila mtoto, lakini upepo wa Uganda kwa kawaida ni mpole. Mitambo mikubwa ya upepo iko Kenya, karibu na Ziwa Turkana, 365 kwa idadi.

Wanaotaka kulianza somo la kivuli ni vizuri waanze mwezi wa Juni, na alama za adhuhuri zipigwe rangi zisifutike. Mwezi huo kivuli cha kijiti huelekea kusini. Mwishoni mwa Septemba hukaribia kutoweka chini ya kijiti, na kufika Desemba watoto wale wale watakikuta kimelala upande wa kaskazini.