Miezi Sita ya Dawa: Ilijulikanaje?

(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Hesabu za mfuko zimekwisha kusomwa, nanyi mmesikia ya kuwa fungu kubwa limekwenda katika maziko na nauli za wagonjwa. Kati ya wenzetu tuliowazika, mmoja alikuwa kijana aliyeacha dawa za kifua kikuu katika mwezi wa tatu, kwa kuwa kikohozi kilikuwa kimekoma naye akajiona mzima. Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo hili, kwa sababu wengi huuliza: Nani aliyesema miezi sita, naye alijuaje?

Jibu ni kwamba haikusemwa kwa kubahatisha, bali ilipimwa. Dawa ya streptomaisini ilipatikana Marekani mwaka wa 1943. Huko Uingereza mwaka wa 1947 ilikuwa haba, haikuweza kuwatosha wagonjwa wote. Waganga wa utafiti wakachukua wagonjwa 107, wakawagawanya kwa kura: 55 walipewa dawa na kulazwa, na 52 walilazwa tu, kama ilivyokuwa desturi siku zile. Kura ilihitajiwa kwa sababu mganga akichagua mwenyewe, huenda akawapa dawa mpya wale wenye nguvu, kisha akaisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na miili yao. Hata picha za mapafu zilisomwa na waganga wasioambiwa nani alipewa nini. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika wale 55, na 14 katika wale 52.

Lakini furaha hiyo haikudumu. Wengi waliopata nafuu walirudiwa, maana vijidudu vilikwisha kuizoea dawa iliyotolewa peke yake. Utafiti mwingine, uliotangazwa mwaka wa 1950, ulionyesha ya kuwa dawa mbili zikitolewa pamoja, vijidudu havizizoei kwa urahisi. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa za aina kadhaa kwa pamoja. Anayemeza moja na kuitupa nyingine avifundisha vijidudu vita.

Sasa twafika nyumbani. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Afrika ya Mashariki alitibiwa kwa muda wa miezi 18, na wengi walichoka njiani. Ndipo waganga wa huku, wakishirikiana na wale wa Uingereza, wakajaribu miezi sita, na matokeo ya kwanza yakatangazwa mwaka wa 1972. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi tu kwa miezi sita, karibu 29 katika kila 100 walirudiwa na ugonjwa. Walioongezewa rifampisini, waliorudiwa walikuwa karibu 3 tu katika 100. Basi hiyo miezi sita inayofuatwa duniani leo, wagonjwa wa nchi zetu walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuithibitisha. Mwaka wa 2021 ulitangazwa utafiti wa nchi 13, Kenya ikiwamo, ulioonyesha kwamba mchanganyiko mwingine waweza kuponya kwa miezi minne. Lakini hizo ni dawa nyingine. Mtu asijipunguzie mwenyewe miezi ya dawa alizopewa.

Wazee wengine wametuuliza, je, sisi tu panya wa kujaribiwa? Swali hilo ni la haki. Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hata 1972, mamia ya watu weusi wenye kaswende waliachwa bila matibabu ili ugonjwa uangaliwe tu, hata baada ya penisilini kupatikana. Ulikuwa uovu mkubwa. Kwa ajili ya maovu ya namna hiyo leo zipo sheria: mtu aelezwe faida na hatari kwa lugha anayoifahamu, akubali kwa hiari yake, na akitaka kujitoa ajitoe bila kunyimwa matibabu yake ya kawaida. Anayeombwa kuingia katika utafiti ana haki ya kuuliza, na ya kukataa. Lakini tukikataa sote daima, dawa zitapimwa katika miili ya wengine, nasi hatutajua kama zatufaa.

Kwa hiyo Kamati yaomba mambo matatu. Kwanza, anayekohoa kwa majuma mawili aende akapimwe makohozi. Mficha maradhi kilio kitamfichua. Pili, dawa hizi hutolewa bure katika vituo vya Serikali, lakini nauli si bure. Basi mgonjwa aliyeishiwa aje kwetu kabla hajakosa siku yake, wala asione haya. Tatu, kila mgonjwa apate jirani mmoja wa kumwangalia anapomeza dawa, hata siku ya mwisho, ijapokuwa amekwisha kunenepa na kurudi kazini.

Nauli ya miezi sita ni nyepesi kuliko sanduku moja la maiti. Fedha ni zenu, na wagonjwa ni wenu. Twaomba mkutano huu uamue fungu la nauli liongezwe.