Jembe bila shamba
(Maneno ya komite mbele ya wanachama na wageni, Baraka)



Tangu 2005, meli zilipoanza kuturudisha kutoka Kigoma, wengi wetu tulishuka hapa Baraka na mizigo kidogo na jembe la msaada. Tunashukuru. Lakini jembe si shamba. Tulikimbia 1996, wengine 1998. Kurudi, tukakuta udongo wa wazazi uko na mihogo ya watu wengine, na wale watu nao wana watoto. Wazee waliojua mipaka, wengi tuliwazika kule Lugufu na Nyarugusu. Sheria ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali; kwa mashamba ya kimila iliahidi agizo la Rais, na miaka makumi ikapita bila agizo hilo.

Ndiyo namna tuligeuka vibarua.

Tuwaelezee wageni namna kazi iko. Asubuhi mama anaenda, mtoto mgongoni. Kapita anapima kipande kwa hatua zake (kapita wa miguu mirefu tunamjua wote!). Ukimaliza, unalipwa. Ukibakiza, kwa sababu mtoto alilia ao mvua ilinyesha, unaambiwa rudi kesho. Mara mingi malipo si feza, ni mihogo ya kula jioni.

Ubaya wenyewe uko mwezi wa tisa. Mvua ikianza, kila shamba linataka mikono siku ileile. Lakini mwenye njaa alikwisha kula mihogo ya tajiri mwezi wa nane, mikono yake iko na deni. Analimia wengine kwanza. Kale kashamba alikokodi anakapanda mwisho, mvua nzuri imekwisha kupita. Muhogo unataka mwaka mzima ao zaidi, na tumbo halingoji hata kesho. Hapo mtoto anatolewa darasani ili kipande kiishe. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, ndiyo, lakini ile bure haijazi chungu.

Sasa neno gumu, mtusamehe. Si matajiri wa mbali peke yao. Wenye mashamba wengine ni wanachama, wamekaa hapa, na mmoja ni wa komite yetu. Msimu uliopita mama mjane wa chama hiki alipalilia lile shamba, akaambiwa angoja kwanza tuuze. Alingoja mpaka Noeli. Yeye ndiye aliyeona haya kudai. Sisi hatukuona haya kunyamaza.

Sheria ya kazi ya 2002 inamjua kibarua: ukifanya siku 22 katika miezi miwili, halafu ukapewa kazi tena kabla miezi ile kwisha, unahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Nani hapa amewahi kuhesabu siku zake? Kwa hiyo tumenunua madaftari. Kila kibarua atakuwa na lake: tarehe, kipande, malipo, sahihi ya mwenye shamba. Komite itatia sahihi ya kwanza, na yule mama atapokea haki yake leo, kabla ya chakula.

Ndugu wafadhili, mwaka huu msitununulie majembe. Tusaidieni kukodi mashamba kwa msimu mmoja, na kuweka akiba ya chakula cha kukopeshana mwezi wa nane, ili watu wapande kwao kwanza. Karani yuko na orodha pale mlangoni. Wenye watoto wadogo waandikwe mbele.